NIN kuwa TIN sio inayommaliza mchuuzi wa samaki

Tangu Julai 2025, namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, ilipoanza kutumika kama namba ya mlipa kodi, TIN, huku kwetu Kasese, magharibi mwa Uganda mpakani na Congo, maneno hayajaisha. Ukipita soko la mpakani la Mpondwe utayasikia, ukishuka mwaloni Katwe, pale boti zinaposhusha samaki, utayasikia, ukipanda fuso linaloleta samaki wa chumvi kutoka upande wa Masaka dereva atakuanzia yeye mwenyewe kabla hujakaa vizuri. Kwamba sasa kila mwenye kitambulisho ni mlipa kodi, kwamba URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, imeshafika mpaka ndani ya karai la mama anayeuza ngege, yaani sato, na kwamba mwaka hautaisha kabla wachuuzi wote hawajafunga. Nimesikia hadi watu wanashauriana wapokee hela ya simu kwa laini ya shemeji ili jina lao lisionekane. Hofu hii naielewa, manake mtu aliyezoea kulipishwa kila kona ya barabara akisikia neno kodi lazima ashtuke, lakini nadhani tumemshika adui ambaye siye.

Ninachosema ni hiki. Kodi ya mapato ya serikali kuu kwa mchuuzi mdogo wa samaki ni ndogo, na kwa wengi haipo kabisa. Kinachommaliza ni malipo madogo madogo ya njiani yanayochukuliwa mara nyingi bila kujenga chochote, pamoja na samaki wanaoharibika mikononi mwake kwa sababu vitu vya usalama, yaani maji safi, barafu, sakafu ya saruji, vichanja vya kuanikia, vimejengwa upande wa samaki wa kwenda Ulaya peke yake. Na haya mawili ukiyatazama vizuri ni jambo moja, pesa inatoka kwa huyu mama lakini hairudi kwenye samaki wake. Kwa hiyo tukitumia nguvu zetu zote kupigana na TIN tutakuwa tumeacha jambo lenyewe limekaa palepale.

Tuanze na hesabu, sababu kelele nyingi zinatoka kwa watu ambao hawajakaa chini wakapiga hesabu. Kwa utaratibu wa mwaka wa fedha 2025/26, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka mzima hayafiki shilingi milioni 10 halipi kodi ya mapato hata shilingi moja. Kutoka milioni 10 hadi 30, kama una rekodi unalipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, na kama huna rekodi unalipa 80,000 moja kwa moja. Kutoka milioni 30 hadi 50, mwenye rekodi analipa 80,000 na juu yake asilimia 0.5 ya kilichozidi milioni 30, asiye na rekodi analipa 200,000. Sasa chukua mchuuzi anayeuza samaki wa milioni 40 kwa mwaka, ambaye kwa soko letu sio mdogo tena, mwenye daftari atalipa 130,000 kwa mwaka mzima, asiye na daftari 200,000. Kwa mwaka! Gawanya kwa miezi 12 uone mwenyewe. Hapo bado sijagusa kwamba sheria ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, imewaacha samaki ambao hawajasindikwa nje ya ile asilimia 18, na kwa sheria hiyo kuanika, kutia chumvi, kugandisha au kukata minofu hakuhesabiki kuwa usindikaji mradi thamani iliyoongezeka haipiti asilimia 5. Pia mabadiliko ya 2025 yanampa raia aliyefungua biashara mpya baada ya tarehe 1 Julai 2025, yenye mtaji usiozidi milioni 500, miaka mitatu bila kodi ya mapato. Vijana wangapi wanaoanza kununua mukene, yaani dagaa, kwenye mialo ya Katosi au Kiyindi wanajua hilo? Wengi wanajua tu kwamba NIN imekuwa TIN.

Kubadilisha namba hakukuanzisha kodi mpya. Kilichobadilika ni jinsi ya kumtambua mtu. Uliyekuwa hudaiwi mwezi Juni kwa sababu mauzo yako ni madogo, mwezi Julai hukuanza kudaiwa kwa sababu kitambulisho chako kina kazi mbili.

Kuna hoja moja ambayo naisikia sana na ambayo nadhani ndiyo dhaifu kuliko zote, kwamba afadhali kukaa bila rekodi, usiandike kitu, usichukue risiti, hapo hawatakuona. Hii imewagharimu watu wetu kuliko kodi yenyewe. Kwanza umeona hapo juu kwamba asiye na rekodi ndiye anayelipa zaidi, sheria imepangwa hivyo makusudi. Pili, asiye na rekodi hawezi kumwonyesha mtu yeyote amepoteza kiasi gani, sio benki, sio sacco, sio diwani, na ndio maana kila mwaka tunalalamika kwa maneno matupu wakati wenye viwanda wanaingia ofisini na makaratasi. Tatu, biashara kubwa zinazotoa risiti za EFRIS, ule mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, zinataka karatasi kutoka kwa anayewauzia, asiye nayo anarudi kwa dalali, na dalali ndiye anayepanga bei. Kwa hiyo unajificha kwa URA halafu unajikuta mikononi mwa mtu ambaye hana sheria yoyote inayomwambia mwisho ni asilimia ngapi.

Upande wa pili kuna malalamiko kuhusu usalama, kwamba hizi sheria za usafi wa samaki ni za wazungu, zimeletwa kumfurahisha mteja wa Ulaya na sisi hazituhusu. Hapa lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia yenyewe ina sehemu ya ukweli huo na pia inaupinga. Mwaka 1997 mizigo ya samaki kutoka Ziwa Victoria ilikutwa na bakteria wa salmonela huko Ulaya kusini na milango ikaanza kufungwa. Januari 1998, kwa sababu ya kipindupindu Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ukazuia samaki fresh wa Uganda, Kenya, Tanzania na Msumbiji, ijapokuwa Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema kuzuia chakula kwa ajili ya kipindupindu sio njia sahihi. Halafu 1999 ikaja ile ya sumu, watu walikuwa wanamwaga dawa ya wadudu majini ili samaki waelee wakusanywe, Uganda ikasimamisha yenyewe kupeleka samaki nje na Ulaya ikafunga, haikufungua mpaka 2000. Waliokuwa viwandani Jinja, Entebbe na Kampala wakati ule hawajasahau, viwanda vilisimama, wafanyakazi walirudi nyumbani, na bei ya mputa, yaani sangara, mwaloni ilianguka kiasi kwamba kuna siku mafuta ya injini yalikuwa ghali kuliko mzigo uliorudi nao.

Watu wengi husimulia habari hiyo kama hadithi ya kuonewa. Mimi naisoma tofauti. Samaki wetu hawakuwa na tatizo la ushuru kule, na tangu 2001 chini ya mpango wa Ulaya wa "kila kitu isipokuwa silaha" nchi kama Uganda inaingiza bidhaa zake bila ushuru na bila kikomo cha kiasi. Kilichofunga mlango ni usafi, na kilichoufungua tena ni usafi. Idara ya uvuvi Entebbe ikapewa kazi ya kuwa mamlaka inayojibu kwa niaba ya nchi, kanuni za ubora wa samaki zilizotoka 1998 zikaanza kufuatwa kweli, viwanda vikaingia mfumo wa HACCP ambao kazi yake ni kutafuta hatari katika kila hatua kabla haijatokea, yaani nani ameshika samaki, maji yametoka wapi, barafu ni kiasi gani, na mialo michache ikachaguliwa ikajengewa sakafu, uzio, maji na vyoo. Biashara ikarudi. Kwa hiyo anayesema sheria za usalama zinaua biashara ya samaki ana kesi ngumu ya kujibu, kwa sababu mwaka 2000 hizo sheria ndizo zilizoiokoa.

Ila tazama nini kilitokea baada ya hapo. Usalama ukafuata minofu. Mwalo uliochaguliwa kwa ajili ya kiwanda ukapata maji, mwalo wa jirani unaolisha soko la ndani ukabaki na tope. Gari la kiwanda lina barafu na kisanduku kilichofungwa, gari la mchuuzi lina turubai. Samaki mmoja, mputa yule yule kutoka nyavu zile zile, akipasuliwa minofu inaingia kwenye mnyororo wa baridi na kupimwa, kichwa na mgongo vinatoka nje ya geti, vinapakiwa kwenye magunia, vinakwenda kukaushwa kwa moshi au kukaangwa, na hapo hakuna anayeuliza swali. Hivyo vichwa na migongo ndivyo tunavyokula sisi na ndugu zetu wa Congo. Na mukene ndio kabisa, anaanikwa mchangani, anayekula anasikia changarawe kwenye meno, wakati kichanja cha miti na wavu mkuukuu kinatosha kuuondoa huo mchanga na kumfanya auzwe kama chakula cha watu badala ya kwenda wote kwenye chakula cha kuku.

Nilikuwa Mpondwe wakati wa mvua, nimesimama na mama mmoja ambaye nimemjua miaka mingi, anavusha samaki wa chumvi kwenda Kasindi upande wa Congo na mzigo unaishia Butembo. Foleni ilikuwa ndefu, turubai lilikuwa na tundu, na gunia mbili za chini zililowa. Alifungua moja pale pale chini, akatoa kipande akakibonyeza kwa dole gumba, nyama ikabonyea na haikurudi, na kwenye mfupa wa mgongo kulikuwa na wekundu mwepesi kama wa matofali. Wanaojua samaki wa chumvi wanaujua huo wekundu, ni bakteria wanaopenda chumvi, wanakuja na chumvi ya jua yenyewe, samaki akikauka vizuri wanalala, akipata unyevu na joto wanaamka. Hakuna mtu aliyemwuliza kuhusu hiyo gunia. Alichoulizwa ni risiti. Akafungua daftari lake, lile la shule la kurasa 48, akanionyesha safari hiyo tangu alipopakia: amelipa mara sita, risiti alizopewa ni mbili, jumla 47,000. Anafanya safari mbili kwa mwezi. Najua safari moja ya mtu mmoja sio utafiti, lakini ukizidisha kwa safari 24 unapita milioni moja kwa mwaka, kwa mtu ambaye hata akiuza milioni 40 URA ingemdai 130,000. Na bado ukaongeze gunia mbili alizouza kwa nusu bei jioni ile ile kabla hazijanuka.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya mipaka miwili. Mpaka wa Ulaya hautozi kitu, unauliza tu kama samaki ni salama. Mpaka wetu hauulizi kama samaki ni salama, unauliza kama umelipa. Mpaka wa kwanza umetujengea viwanda, sakafu na maabara, wa pili sijui umetujengea nini kwa upande wa samaki. Na wa pili ndio unaobeba watu wengi zaidi, wanawake hasa, wenye mitaji midogo, ambao hawana chama cha kuwasemea Kampala.

Wapo watakaosema kwamba tunazungumzia soko wakati samaki wenyewe wanaisha ziwani, kwa hiyo sheria muhimu ni zile za uvuvi. Hoja hii ina nguvu na siipuuzi. Kiwango cha inchi 20 kwa mputa, nyavu za inchi 7 kwa mputa na 5 kwa ngege, boti zisizopungua futi 28, haya hayakuwekwa kumkomoa mtu, mputa jike anachelewa kuzaa kuliko dume na ukimvua mdogo umekula na wajukuu wake. Rais alivunja kamati za mialo, zile BMU, mwishoni mwa 2015, halafu 2017 jeshi likaingia ziwani, samaki wa viwanda wakaongezeka kwa muda, na wakati huo huo boti zikachomwa na malalamiko ya watu kupigwa yakajaa kila mwalo. Mimi nasema hivi tu, sheria ya ukubwa wa samaki inasimamiwa vizuri zaidi kwenye nyavu na boti kuliko kwenye karai la mwanamke sokoni, ambaye hakuwa ziwani na mara nyingi amenunua gunia lililokwisha shonwa. Sheria ya Uvuvi na Ufugaji Samaki ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1951, inagusa mnyororo mzima kutoka majini mpaka sokoni, na hiyo ni nafasi nzuri, lakini kama mnyororo mzima utamaanisha kwamba kila mtu ana leseni ya kulipia na hakuna aliyepata bomba la maji, basi tutakuwa tumeongeza kituo cha saba kwenye daftari la yule mama.

Kuna pingamizi lingine ambalo ndilo linalonikosesha usingizi kidogo, sababu limetoka kwa watu wanaowajali hawa wachuuzi kwa dhati. Wanasema, wewe ukidai usalama upande wa soko la ndani utawafukuza wadogo, mkaguzi atakuja na fomu, atataka koti jeupe, vigae na jokofu, mama atashindwa, na nafasi yake itachukuliwa na tajiri mwenye stoo ya baridi. Hilo limetokea. Baada ya 2000 waliobaki kwenye minofu ni wenye mtaji mkubwa, na aliyekuwa akiuzia kiwanda samaki wachache kwa baiskeli alipotea kwenye mnyororo ule. Kwa hiyo sitasema hofu hiyo ni ya bure. Ninachosema ni kwamba kosa liko kwenye mpangilio. Kiwandani walidai usafi kutoka kwa mtu mwenye uwezo wa kujijengea, huku kwetu huwezi kudai kitu ambacho mtu mmoja mmoja hawezi kukijenga. Hakuna mchuuzi atakayechimba kisima chake mwaloni. Hakuna atakayenunua mashine ya barafu peke yake. Vitu hivyo ni vya pamoja, na ushuru wa soko na wa mwalo kazi yake ni kujenga vitu vya pamoja. Yajengwe maji, paa, sakafu na vichanja kwanza, halafu aliyepewa hivyo vyote akaendelea kuanika chini ndiye ahojiwe.

Wale wanaoniambia serikali haina uwezo wa kupeleka maji na usafi kwenye mpaka, nawakumbusha Juni 2019. Ebola ilivuka kutoka Congo ikaingia Kasese, mtoto akafariki hospitali ya Bwera. Kabla na baada ya hapo Mpondwe ilikuwa na matangi ya maji ya klorini, kila anayevuka ananawa, anapimwa joto, wahudumu wapo asubuhi hadi jioni, na maelfu ya watu walipita kila siku na biashara haikufa. Mimi nilinawa pale mara nyingi hadi ngozi ya vidole ikakauka. Ugonjwa ule ulizuiwa usisambae upande wetu kwa vitu rahisi, maji, dawa, watu waliofundishwa na mtu wa kujibu. Sasa samaki aliyeharibika haui kwa kasi hiyo, anaumiza polepole, mtoto anaharisha Beni au Kasese na hakuna anayeandika kwamba ilikuwa kichwa cha mputa, kwa hiyo hakuna dharura. Lakini uwezo upo, tumeuona.

Na lazima tuseme na lile ambalo wachuuzi wenyewe hatupendi kulisema. Kuna wanaopuliza dawa ya wadudu kwenye samaki mkavu ili mende wa samaki wasimtoboe njiani. Wanajua na sisi tunajua. Wakiulizwa wanajibu kwamba babu zetu walikula samaki bila sheria zote hizi na hawakufa. Babu alikula samaki aliyevuliwa asubuhi akapikwa jioni kijiji kile kile. Samaki wa leo anatoka mwalo wa Masese kule Jinja, analala barabarani, anafika Mpondwe, analala tena, anavuka, anafika Butembo siku ambayo hata aliyemvua haikumbuki, halafu njiani amepuliziwa kitu ambacho chupa yake imeandikwa usishike kwa mkono mtupu. Huwezi kumtetea mchuuzi kwa hoja ya babu. Tunamtetea kwa kumpa chumvi ya kutosha, kichanja, mfuko unaofungwa vizuri na soko ambalo mzigo haulali siku mbili, kwa sababu samaki aliyekauka sawasawa na kufungwa vizuri hahitaji hiyo dawa.

Swali linabaki nani alipe. Hapa naona kuna mlango ambao hautajwi. Mwaka 2021 bunge liliweka ushuru wa asilimia 8 ya thamani ya mabondo, au nuuni kama wengi huku tunavyoyaita, yanayopelekwa nje. Mabondo ni kile kifuko cha hewa ndani ya mputa, kikikaushwa kinakwenda China na Hong Kong kwa bei ambayo kilo moja inazidi samaki kadhaa wazima. Hiyo ni pesa inayotoka ndani ya tumbo la samaki yule yule ambaye kichwa chake kinakuja Mpondwe kwenye gunia. Ikiingia mfuko mkuu wa serikali inachanganyika na kila kitu na mwaloni hairudi ikiwa na jina lake. Kama sehemu yake, hata ndogo, ingefungwa kisheria kwa ajili ya maji na barafu kwenye mialo ambayo haikuchaguliwa kwa viwanda, na kwa ajili ya masoko ya mpakani, tusingehitaji kumwongezea mchuuzi shilingi. Wanaouza mabondo watasema wanabeba mzigo wa wengine. Lakini mputa asipokuwepo hakuna mabondo, na mputa hawezi kulindwa na watu wanaokula hasara kila safari, mtu wa hasara ndiye anayenunua samaki wa inchi 12 kwa sababu ni rahisi.

La pili ni risiti moja. Halmashauri zina haki ya kukusanya, sibishani na hilo, soko linafagiliwa na mtu na mtu huyo analipwa. Ila mzigo mmoja ukilipiwa kwenye wilaya ulipopakiwa, risiti hiyo iheshimiwe mpaka unaposhushwa, na kila anayepokea pesa atoe namba ya malipo inayoingia benki au kwenye simu ya ofisi. Na hapa ndipo NIN inayoogopwa inapoweza kuwa silaha ya mchuuzi. Malipo yakifungwa kwenye namba yake, mwisho wa mwaka anaweza kufungua simu akaona amelipa nani, wapi na mara ngapi. Leo anayejua hayo ni daftari la kurasa 48 peke yake, na likilowa limekwisha.

La tatu linahusu Congo. Tangu 2022 Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, mzigo usiozidi dola 2,000 unajaziwa cheti cha asili kilichorahisishwa pale pale mpakani bila wakala wa forodha na hautozwi ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya. Mama wa magunia manne au matano yuko ndani ya kiwango hicho kabisa. Kwenye karatasi. Kwa vitendo upande wa pili bado unalipa na unalipa tena, na upande wetu wengi hawajawahi kukishika hicho cheti, wanamlipa kijana wa kuwavushia kwa njia za mtoni Lhubiriha, samaki wanavuka kwenye maji, wanalowa, tunarudi kwenye ule wekundu wa matofali. Utaratibu rahisi wa kodi ungekuwa ni utaratibu wa usalama wa chakula bila hata kubadilisha kanuni moja ya usafi, kwa sababu mzigo unaopita getini kwa saa moja unafika mkavu.

Wilaya zinafanya mikutano ya bajeti kabla mwaka haujaisha, na ni mikutano ambayo raia yeyote anaweza kuingia akazungumza. Mwaka huu nimemwomba yule mama anipe daftari lake nikapige kopi. Mwanzoni alikataa, akasema wakiona jina lake watamfuata. Tukakubaliana nifunike jina kwa karatasi wakati wa kupiga kopi, na tumechukua na safari tatu za wenzake wawili, mmoja wa mukene na mmoja wa migongo ya mputa. Zote zina tarehe, kiasi, mahali, na alama ya tiki pale ambapo risiti ilitolewa. Tiki ni chache. Nitazipeleka hivyo hivyo zilivyo, na swali nitakalouliza ni moja tu, katika hizi pesa, ni ipi iliyonunua bomba.